Mlango Ulioinuka Wenyewe

Mara ya kwanza mlango wa banda la gari ulipoinuka wenyewe, Benedikta alikuwa uani anapepeta karanga. Jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye vilele vya miyombo, na vumbi la mwezi wa tisa lilikuwa limening'inia hewani, jekundu, halianguki wala haliendi. Alisikia kitu kikilia kidogo, akainua uso. Ule mlango mzito wa mninga ulikuwa umejiinua shubiri moja kutoka chini, taratibu, kama mtu anayeinua pazia achungulie nje. Kisha ukatulia.

Hakuita mtu. Alibaki na ungo mikononi, akiutazama ufa wa giza kati ya mlango na ardhi, mpaka mwanga ukaisha na mumewe akarudi kutoka shamba.

"Mama Flavia, nani amegusa mlango wangu?" Kasimiri aliuliza.

"Hakuna aliyeugusa."

"Basi umejigusa wenyewe," akasema, akacheka, akausukuma chini kwa mguu na kuuwekea pingo la usiku.

Kasimiri Lugembe alikuwa amefanya kazi ya reli miaka ishirini na saba, mingi yake katika stesheni ya Tura. Alikuwa fundi wa signali, ile mikono ya chuma inayopanda na kushuka kumwambia dereva wa treni apite au asimame. Alipostaafu alijenga nyumba ya matofali Ntalikwa, mwendo wa baiskeli kutoka Tabora mjini, na bwana mmoja wa kilimo aliyekuwa akirudi Ulaya alimwachia gari lake dogo jeusi. Gari lilihitaji banda, na banda lilihitaji mlango. Hapo ndipo Kasimiri alipojifurahisha.

Mlango wake haukufunguka kwa kuvutwa upande. Ulipanda juu mzima-mzima. Kamba ya chuma ilitoka kichwani mwa mlango, ikapita juu ya kapi mbili, ikashuka nyuma ya banda, na huko ilibeba kasha la mbao lenye vyuma chakavu ndani. Kasha lilikuwa jepesi kidogo kuliko mlango, kwa hiyo mlango ulikaa chini. Lakini kwenye njia ya gari alikuwa amefukia ubao, na kutoka kwenye ubao ulikwenda waya hadi kwenye kasha. Gurudumu la mbele likiukanyaga ubao, waya ulilivuta kasha chini, mlango ukapanda, na gari likaingia bila dereva kuondoka kitini. Wiki za mwanzo watu walikuwa wakija makusudi kutazama. Mwalimu mmoja wa misheni aliomba aukanyage ule ubao kwa miguu yake, akaukanyaga mara saba.

Tangu mwezi wa tano, hata hivyo, gari lilikuwa limesimama ndani, likisubiri tairi kutoka Dar es Salaam. Hakuna gurudumu lililokuwa likiukanyaga ubao. Na sasa, jioni baada ya jioni, mlango ulikuwa ukiinuka.

Kasimiri hakuwa mtu wa kuogopa kitu chenye waya. Alianza na kile alichokijua zaidi. Kwenye reli, waya wa signali hurefuka jua likiwa kali, na jioni baridi ikishuka, hujivuta ukawa mfupi.

"Ni waya huo," alimwambia mkewe. "Unapoa, unalivuta kasha. Huko Tura ulinisumbua hivyo hivyo."

Akachukua koleo, akaukata waya pale ulipopita chini ya ukuta wa nyuma, akauondoa, akaukunja na kuutundika ukutani. Jioni ile akaweka kiti, akakaa kuusubiri mlango kama mtu anayemsubiri mdeni. Saa kumi na mbili, jua likigusa miti, mlango ulipanda shubiri mbili.

Akasema basi ni kapi. Labda kutu inazikamata mchana na kuziachia zikipoa. Alipanda ngazi, akazifungua, akazisafisha kwa mafuta ya taa, akazipaka grisi hadi zikawa zinazunguka kwa kupulizwa tu. Jioni ile mlango haukuishia shubiri mbili. Ulipanda hadi juu kabisa, kimya kimya, na mwanga wa machweo ukaingia ndani ya banda ukaangukia vioo vya gari. Asubuhi iliyofuata, Kasimiri alipoondoa pingo, uliinuka tena mbele ya macho yake na kubaki juu hadi kwenye saa tatu, kisha ukashuka polepole, ukafunga, kana kwamba aliyekuwa akitarajiwa alikuwa ameshapita.

Jirani yao Mwanajuma, mjane aliyehamia kutoka Kwihara, aliyaona hayo jioni moja akiwa amesimama kwenye ua wake.

"Mmejenga njiani," aliwaambia, nusu anacheka, nusu hacheki. "Babu yangu alibeba pembe kwenye njia hii hii, anatoka Ujiji anakwenda pwani. Walikuwa wanafika kambini saa kama hizi, jua likizama. Wanaimba tangu mbali ili wapishi wawashe moto. Ninyi mmewawekea mlango, hamtaki wafungue?"

"Wapagazi hawakuwa na magari, Bi Mwanajuma," Kasimiri alijibu.

"Ndiyo maana hawakanyagi ubao wako," alisema yule mama, akaingia ndani.

Habari za wapagazi hazikumwingia Benedikta. Lakini siku zile kazi za jioni zilianza kumponyoka. Moto ulizimika jikoni akiwa ameketi uani. Alioga mapema kuliko kawaida yake, akachana nywele, akajifunga kanga aliyoihifadhi kwa Jumapili, kisha akatoa kigoda na kukiweka mkabala na banda. Mwanga wa saa ile ulikuwa kama maji ya ziwa. Kila kitu kilionekana kiko karibu na kiko mbali kwa wakati mmoja: kuku, mtungi, njia nyembamba iliyopotelea kati ya miti kuelekea magharibi. Mlango ukianza kupanda, alisimama. Ukifika juu, aliketi tena, akitabasamu kidogo, kama mtu aliyeambiwa asubiri kidogo tu.

Mumewe hakumwona, kwa sababu yeye alikuwa anashughulika na vipimo. Alikuwa ameshona kifuko, akakijaza mchanga, akakifunga chini ya mlango uwe mzito zaidi. Kwa siku sita mlango ulitulia na Kasimiri akapiga mluzi kila mahali. Siku ya saba ukapanda na kifuko chake. Akaongeza cha pili. Ulitulia siku tano, kisha ukapanda na vyote viwili.

Hapo Kasimiri aliacha mluzi. Aliketi juu ya bawa la gari, lile bati linalofunika gurudumu, akawaza. Mbao za mninga hukauka wakati wa kiangazi, sawa, na mlango unaweza kupungua uzito. Lakini haukauki jioni ukalowa asubuhi. Kuna kitu upande wa pili kilichokuwa kinaongezeka. Kilikuwa kinaongezeka siku hadi siku, na zaidi ya hapo, kilikuwa kinaongezeka kila jioni na kupungua kila asubuhi. Kasha lilikuwa ndani ya kabati refu jembamba la mbao alilolijenga nyuma ya banda, upande wa msitu, ili mbuzi wasije wakalala chini yake. Hakuwa amelifungua tangu alipopiga msumari wa mwisho.

Alitoka akazunguka banda, na hapo ndipo alipomwona mkewe kwenye kigoda. Aliiona kanga ya Jumapili. Aliona jinsi alivyoikunja mikono mapajani.

"Unamsubiri nani?" alimuuliza.

"Simsubiri mtu."

Kasimiri alichuchumaa karibu naye. Magoti yake yalilia. Alisubiri, kwa kuwa miaka ya stesheni ilimfundisha kusubiri, na mwishowe Benedikta akasema bila kumtazama:

"Raymundi."

Jina hilo halikuwa limetamkwa nyumbani mwao kwa miaka mingi. Raymundi alikuwa mtoto wao wa kwanza. Mwaka wa arobaini na mbili, akiwa kijana wa miaka ishirini, alipanda treni hapo Tura pamoja na askari wenzake, akaenda kwenye vita vya Wazungu. Mwaka wa arobaini na nne ilikuja barua kutoka serikalini ikisema amepotea katika misitu ya Burma, karibu na mto ambao hata karani aliyewasomea barua alishindwa kulitamka jina lake. Hapakuwa na kaburi wala nguo. Majirani, kwa huruma, waliacha kumwita Mama Raymundi, wakaanza kumwita kwa jina la binti yake, Mama Flavia. Kasimiri naye akaiga. Flavia akaolewa Igunga, na jina lile la kwanza likabaki kama chumba kisichofagiliwa.

"Najua ni upuuzi," Benedikta alisema. "Lakini umeuondoa waya, ukapaka grisi, ukafunga mchanga, na bado unafunguka. Nikajiambia, mtu aliyepotea haji kwa kubisha hodi. Na halafu kuna ile sauti."

"Sauti gani?"

"Huisikii? Ile inayoimba ukutani."

Kasimiri hakuisikia. Filimbi na mvuke wa miaka ishirini na saba vilikuwa vimeyachukua masikio yake nusu. "Inaimba vipi?"

"Kama watu wengi walio mbali sana. Wamefumba midomo. Inapanda, inashuka. Jua likizama huwa kubwa, halafu mlango unafunguka. Sikukwambia kwa sababu ungechukua spana."

Kasimiri aliinuka, akaenda nyuma ya banda. Nyasi zilikuwa ndefu huko, na hewa ilinukia maua ya miyombo yaliyokuwa yamefunguka wiki ile. Akaweka kiganja chake juu ya mbao za kabati, kama walivyokuwa wakiweka mkono juu ya reli kujua kama treni i njiani. Mbao zilikuwa na joto. Zilitetemeka. Alipoinua macho aliona, juu kabisa, tundu lililoachwa na fundo la mbao, na kwenye tundu, katika ule mwanga wa dhahabu, nyuki walikuwa wakiingia kwa mamia, wamejaa chavua miguuni, wanarudi nyumbani.

Alielewa yote mara moja. Kasha lake la vyuma, lililokuwa nusu tupu, limejaa masega. Asali iliongezeka kila siku. Asubuhi kundi lilitoka kwenda msituni, kasha likapungua uzito, mlango ukashuka. Jioni walirudi na mizigo yao, na ule uzito mdogo wa nyuki elfu kwa elfu ulitosha, juu ya kapi alizozilainisha mwenyewe, kuinua mlango wa mninga. Alitamani kupiga kelele kwa furaha. Katika kazi yake yote hakuwahi kukutana na hitilafu nzuri kama ile.

Lakini alikumbuka kigoda. Alirudi, akaketi chini kando ya mkewe, mgongo kwenye ukuta wa nyumba, wakautazama mlango pamoja. Ulianza kupanda. Mwanga ukaingia chini yake ukitambaa sakafuni, ukalifikia gurudumu, ukapanda juu ya bawa. Benedikta alisimama kama kawaida yake. Kasimiri akasimama naye. Mlango ulipofika juu waliendelea kusimama, mpaka njia ya magharibi ilipoanza kufifia.

"Mama Raymundi," alisema.

Benedikta aligeuka upesi. Hakuwa ameitwa hivyo miaka kumi na miwili.

"Ni nyuki. Wamejenga ndani ya kasha. Jioni wanarudi wote, wanalizidishia uzito."

Benedikta aliutazama ukuta wa banda. Kasimiri hakujua kama atalia au atacheka.

"Kwa hiyo wanaorudi ni wao," alisema.

"Ni wao."

"Wote?"

"Karibu wote, nadhani."

Alikiokota kigoda chake akaingia ndani. Usiku ule hakupika, wakala karanga na viazi vilivyobaki, na hakuna aliyelalamika.

Wiki iliyofuata Kasimiri alimwita Masolwa, mrina asali kutoka Sikonge, ambaye alikuja kwa baiskeli na mzinga wa gome umefungwa nyuma, mrefu kuliko baiskeli yenyewe. Alikuwa mtu mpole mwenye sauti ya chini. Alimwamkia Benedikta shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akaambiwa jambo moja kabla hata hajapewa maji.

"Usiwachome moto."

"Sichomi, mama. Nawapulizia moshi kidogo, nawaomba wanipishe. Moto ni wa watu wenye haraka."

Walifungua kabati jua likielekea kuzama. Kasha lilipotolewa ubao wa mbele, Benedikta alisogea karibu kuliko alivyoruhusiwa, kanga kichwani. Masega yalikuwa yamening'inia safu kwa safu juu ya zile nati na vipande vya reli, meupe kwa chini, ya manjano kwa juu, na nyuki walitembea juu yake kama kitambaa kinachopumua. Sauti ile aliyokuwa akiisikia kupitia mbao ilimfikia sasa bila kizuizi. Ilikuwa kubwa mno. Ilimwingia kifuani. Aliisikiliza mpaka Masolwa alipomgusa begani amwambie arudi nyuma, na hapo akagundua kwamba machozi yalikuwa yamefika shingoni.

Masolwa aliyakata masega ya asali, akayaweka kwenye debe, likajaa, na sufuria moja juu yake. Masega yenye watoto aliyahamishia kwenye mzinga wake pamoja na malkia, na kundi likamfuata malkia wao kama maji yanayotafuta mteremko. Mzinga ukatundikwa kwenye mti, hatua mia mbili ndani ya msitu. Mwanajuma alikuja na bakuli, akarudi nalo limejaa, akasema babu yake angefurahi.

Kasimiri alipolirudisha kasha na waya wake, mlango ulikaa chini kama ulivyoumbwa. Jioni ya kwanza Benedikta alitoa kigoda. Saa kumi na mbili ilifika, jua likagusa miti, mwanga wa ziwa ukajaa uani, na mlango haukutikisika. Jioni ya pili alitoa kigoda tena, akakaa muda mfupi. Jioni ya tatu Kasimiri alimkuta jikoni, anachuja asali kwa kitambaa, mikono imenata hadi viwikoni.

"Nataka asomewe misa," alisema, macho yakiwa kwenye kitambaa.

Kasimiri alishika mwimo wa mlango. Kila mwaka, Novemba ikikaribia, alikuwa akitaka jina la mtoto wao liandikwe katika orodha ya marehemu, na kila mwaka mkewe alimjibu kwamba hawamwombei kama marehemu mtu aliye safarini. Mwishowe aliacha kumuuliza.

"Una hakika?"

"Nimechoka kumsimamisha njiani," alisema Benedikta. "Na yeye atakuwa amechoka."

Tairi lilishushwa stesheni mwishoni mwa Oktoba. Siku ya marehemu wote, alfajiri, gurudumu liliukanyaga ubao kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano, na mlango ukashuka nyuma yao bila wao kugeuka kuutazama. Kanisani, Tabora mjini, Benedikta alimwendea mwenyewe katekista Eustace, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, akamwambia jina, akangoja mpaka alipoliandika, akaomba alisome tena kwa sauti. Katika misa liliposomwa, lilikuwa kati ya Rafaeli fulani na Rosina fulani, likapita upesi kama mengine. Alikuwa amejiandaa kwa kitu kukatika ndani yake. Badala yake alisikia njaa, njaa ya kweli, ya mtu aliyetembea mbali, na nje ya kanisa alikula maandazi manne amesimama.

Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha usiku. Wakirudi, kabla ya kufika Ntalikwa, gari lilizama kwenye mchanga uliolowa, na gurudumu jipya likazunguka bure. Kasimiri alivua viatu, akakunja suruali, akasukuma. Halikwenda. Akaja dirishani, ana matope hadi kidevuni.

"Hamia huku. Shika usukani. Nikisema kanyaga, kanyaga pedali ya kulia, pole pole."

"Sijui kuendesha."

"Nani kakwambia uendeshe? Wewe kanyaga tu."

Akahamia. Akasikia "kanyaga!" kutoka nyuma, akakanyaga, si pole pole. Gari liliunguruma, likatikisika, likaruka kutoka kwenye mchanga, likaenda. Likaendelea kwenda. Kasimiri alipiga kelele jambo fulani kuhusu pedali ya kati, ile ya breki, lakini yeye alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili na njia ilikuwa nyeupe na tupu mbele yake. Miyombo ilikuwa imetoa majani mapya, yale mekundu ya kabla ya kijani, na baada ya mvua kila jani lilikuwa na tone lake la mwanga. Alipita chini yao taratibu, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Alipita mwanamke mwenye kuni aliyesimama kumshangaa. Alipita ng'ombe wawili. Hakutaka kusimama, na pia hakujua namna ya kusimama, na mambo hayo mawili hayakugombana.

Kwenye mwinuko gari lilikohoa, likazima lenyewe. Kukawa kimya, matone yakidondoka juu ya paa. Benedikta aliachia usukani, akageuka kutazama kioo cha nyuma. Kasimiri alikuwa mbali, anakuja katikati ya njia peku, viatu mkononi, hana haraka. Ilimchukua muda mrefu kufika. Alipofungua mlango wa gari alikuwa anahema na anacheka.

Benedikta hakuhama kwenye kiti.

"Futa miguu kwanza," alimwambia, "ndipo uingie."